Gari la Zamani, Injini ya Kisasa: Breki Kwanza, Nguvu Baadaye

Somo kwa wakazi wanaojenga magari nyumbani

Katika maboma mengi kuna gari moja lililoegeshwa chini ya mwembe au kando ya ghala. Lilikuwa la baba, au la mjomba aliyelinunua akiwa mwalimu, na siku lilipokataa kuwaka lilisukumwa hapo likasahaulika. Kuku hutagia kwenye kiti cha nyuma. Miaka inapita, kijana wa boma hilo anajifunza umekanika, na siku moja anafungua boneti akiwa na wazo: kwa nini gari hili lisifufuliwe, tena kwa injini yenye nguvu kuliko ile ya kwanza?

Wazo hilo si baya. Linafundisha ufundi, linaokoa mali ya familia, na likifanywa vizuri linampa kijana kazi ya kuonyesha wateja. Tatizo ni mahali pa kuanzia. Wengi huanza na injini kwa sababu ndiyo inayonguruma. Kazi ikianzwa hivyo, ama fedha huisha kabla gari halijatoka uani, ama gari hutoka likiwa na mbio ambazo breki zake haziwezi kuzizuia.

Gari lilibuniwa kama kitu kimoja. Breki, springi, tairi, rejeta na bodi vyote vilipimwa kulingana na nguvu ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Anayebadilisha injini peke yake amevuruga hesabu nzima. Ndiyo maana somo hili linaiweka injini karibu na mwisho.

MFANO: COROLLA DX

Somo linatumia mfano wa Toyota Corolla ya mfululizo wa KE70, ambayo mafundi wengi nchini huiita DX. Ilianza kutengenezwa Japani mwaka wa 1979. Injini iko mbele, lakini magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nyingi zilikuja na injini za familia ya K, iliyoanza na Corolla ya kwanza ya mwaka wa 1966. Injini ya 3K ina cc 1166, na ile ya 4K ina cc 1290. Ni injini za kabureta, rahisi kutengeneza na zisizo na haraka.

Mwaka wa 1983 Toyota ilitoa ndugu wa gari hilo, AE86, lenye injini ya 4A-GE ya cc 1587, valvu 16 na kamshafti mbili juu ya kichwa cha injini. Kwa kuwa magari haya mawili ni ya ukoo mmoja, vifaa vingi vya AE86 vya sasipensheni, breki na difu huingia kwenye DX bila marekebisho makubwa. Ukoo huo ndio unaoifanya DX iwe gari zuri la kujifunzia. Fundi hahitaji kubuni kila kitu upya, bali kuazima kutoka kwa ndugu.

Ufundi wa aina hii si mgeni Kenya. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka wa 1953, na mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliyashinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha tumika. Barabara za Safari zilikuwa za matope, mawe na vumbi. Gari lililoandaliwa vizuri likafika mwisho lilikuwa na thamani kuliko gari la mbio lililovunjika njiani.

HATUA YA 1: AMUA GARI NI LA NINI

Kabla ya kununua hata boliti moja, mwenye gari aandike kwenye karatasi matumizi ya gari hilo. Je, ni la kwenda kazini na sokoni? Ni la mashindano ya uwanjani? Ni la kumbukumbu ya familia? Gari la kazini linahitaji injini tulivu na rejeta nzuri. Gari la mashindano linahitaji kizimba cha chuma ndani na mikanda maalumu. Gari la kumbukumbu huenda halihitaji injini nyingine kabisa, kwani gari la zamani lenye kila kitu chake cha asili linaweza kuthaminiwa zaidi na wakusanyaji.

Hata anayebadilisha asiiuze injini ya kwanza. Aipake mafuta, aifunike na kuiweka mahali pakavu. Asikate bodi mahali ambapo hapahitaji kukatwa. Kazi nzuri ni ile inayoweza kurudishwa ilivyokuwa.

HATUA YA 2: TAFUTA KUTU

DX haina chesisi ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Kwa hiyo kutu kwenye bodi ni udhaifu katika mifupa ya gari, wala si suala la sura tu.

Ondoa zulia lote. Chukua bisibisi na ugonge polepole sehemu nne: sakafu ya mbele, kingo zilizo chini ya milango, sahani ya chini ya betri, na minara miwili ya ndani ya boneti inayoshika shokamzoba za mbele. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi huingia. Wakazi wa Pwani na kando ya maziwa ya chumvi wawe makini zaidi.

Sehemu iliyooza ikatwe yote hadi kwenye chuma kizima, kisha kipande kipya cha chuma kichomelewe. Puti ni ya kulainisha uso kabla ya rangi, haishiki uzito. Mnara wa shokamzoba uliojazwa puti unaweza kupasuka siku ya kwanza gari litakapoingia shimoni likiwa na injini nzito zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni uhai wa walio ndani.

HATUA YA 3: BREKI

Hapa ndipo somo lilipo. Nguvu ambayo breki zinapaswa kumeza haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Gari la kilomita 100 kwa saa lina nguvu ya mwendo mara nne ya gari hilohilo likiwa kwenye kilomita 50. Hata kutoka 80 hadi 110, ambako kwa macho kunaonekana kidogo, nguvu hiyo hukaribia kuwa maradufu.

Nguvu hiyo yote hugeuka joto kwenye diski na ngoma za breki. Breki ndogo za zamani zikipata joto kupita kiasi, pedi huteleza, na maji ya breki yaliyozeeka huweza kuchemka ndani ya mabomba. Dereva hukanyaga pedali ikashuka hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Kwa kawaida hilo humpata kwenye mteremko mrefu, mahali ambapo hana pa kukimbilia.

Kwa DX, njia inayojulikana ni kuazima breki za mbele za AE86, ambazo diski zake zina nafasi ya hewa katikati ili zipoe upesi. Pamoja nazo, mambo haya yafanywe bila kukwepa:

- Masta silinda ikaguliwe, na ikiwa inavuja ibadilishwe nzima.
- Mabomba ya chuma yaliyoota kutu yabadilishwe. Mabomba ya mpira yaliyopasuka yasifungwe kwa utepe.
- Maji ya breki yamwagwe yote na mapya yatiwe. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yenye unyevu huchemka mapema.
- Breki za mbele na za nyuma zilingane. Breki kubwa za nyuma bila vipimo hufanya mkia wa gari uzunguke dereva anapokanyaga ghafla.

Tahadhari ya afya: viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asibesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa hewa wala kwa mdomo. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa hicho kifungwe kwenye mfuko.

HATUA YA 4: SASIPENSHENI, USUKANI NA TAIRI

Bushi za mpira zilizokaa miaka 40 zimekauka. Bol-jointi na tai-rodi zilizolegea huonekana gari likiinuliwa: shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, kuna kifaa kilichochoka.

Mtego mkubwa hapa ni kukata springi ili gari likae chini. Springi iliyokatwa haikai vizuri mahali pake, na gari linapoinuka kwenye tuta inaweza kutoka. Anayetaka gari lishuke anunue springi fupi zilizotengenezwa hivyo, pamoja na shokamzoba zinazolingana nazo.

Tairi zina tarehe ya kuzaliwa. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2309 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2009. Hata ikiwa na meno mazuri, mpira wake umezeeka na haufai kwa gari lililoongezwa nguvu.

HATUA YA 5: INJINI

Sasa injini. Mjenzi wa DX huwa na njia mbili.

Ya kwanza ni 4A-GE ya valvu 16, pamoja na gia boksi ya T50 ya gari la kusukuma nyuma. Hii ndiyo njia yenye vikwazo vichache. Kitako cha injini cha AE71, ndugu mwingine wa DX aliyekuja na injini za familia ya A, humwezesha fundi kuikalisha injini bila kubuni vishikio vya kuchomelea.

Ya pili ni 4A-GE ya valvu 20, yenye valvu tano kwa kila silinda. Ile yenye kifuniko cha rangi ya fedha ilitangazwa na kiwanda kuwa na nguvu ya farasi 160, na ile yenye kifuniko cheusi 165. Nambari hizo zinavutia, lakini injini hiyo ilitengenezwa kwa magari ya kusukuma mbele, ambako hulala kwa upana. Ikigeuzwa ikae kwa urefu, distribyuta iliyo nyuma ya kichwa chake hugonga ukuta wa gari, na mabomba ya maji nayo yanahitaji njia mpya. Inawezekana, lakini si kazi ya mtu anayejifunza.

Injini zilizotumika kutoka Japani huuzwa kwenye maduka ya spea, kama yale ya Kirinyaga Road na Industrial Area jijini Nairobi. Mnunuzi asinunue injini tupu. Atafute seti kamili: injini, waya zake, kompyuta yake, sensa zake na gia boksi. Waya zilizokatwa kwa panga ili injini itoke haraka zitamgharimu wiki nzima za kuunganisha.

Kabla ya kulipa, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko zenzake, injini hiyo iachwe. Afungue kifuniko cha mafuta: ute mweupe kama maziwa unaweza kuwa ishara ya maji kuingia kwenye mafuta. Kisha asome namba ya injini iliyopigwa kwenye chuma, aipige picha, na adai risiti iliyoandika namba hiyo pamoja na karatasi zinazoonyesha injini iliingiaje nchini. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la wizi, na bei yake nafuu ikaishia kituo cha polisi.

HATUA YA 6: MAFUTA, UMEME NA MAJI

Gari la kabureta hutumia pampu ya mafuta ya shinikizo dogo. Injini ya kisasa ya sindano za mafuta huhitaji takriban baa 2.5 hadi 3, ambalo ni karibu mara kumi. Mpira wa mafuta wa kabureta ukifungwa kwenye pampu mpya unaweza kupasuka na kunyunyiza petroli juu ya eksozi yenye moto. Mpira unaofaa huandikwa ubavuni SAE J30 R9. Vibano viwe vya kuzungusha mpira wote, na pawe na bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi.

Tangi la petroli lisichomelewe kamwe kwa kudhani ni tupu. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke huo hulipuka kwa cheche moja. Mafundi wamepoteza maisha hivyo. Tangi linalovuja libadilishwe, au lipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kuondoa mvuke.

Pampu ya umeme ipewe fyuzi na rilei yake yenyewe, isiunganishwe kwenye waya wa redio. Rejeta iwe kubwa kulingana na injini mpya, na feni ya umeme iwashwe na swichi ya joto. Kizima moto cha poda kikae karibu na kiti cha dereva, si kwenye buti.

HATUA YA 7: KARATASI

Mbele ya sheria, gari ni lile lililoandikwa kwenye logibuku. Injini ikibadilika, rangi ikibadilika au umbo la bodi likibadilika, mwenye gari anapaswa kuomba mabadiliko ya maelezo ya gari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, kupitia eCitizen. Gari hukaguliwa, na ndipo karatasi za injini zilizohifadhiwa tangu Hatua ya 5 huonyesha faida yake.

Namba ya chesisi isikatwe, isisagwe wala kuhamishwa, hata kama mahali ilipo pana kutu. Fundi akikuta kutu hapo, mwenye gari aombe mwongozo kabla ya kugusa.

Kampuni ya bima nayo ielezwe kwa maandishi kuwa injini imebadilishwa. Ajali ikitokea na bima ikakuta injini tofauti na iliyoandikwa, mwenye gari anaweza kubaki peke yake mbele ya madai ya hospitali na ya mali.

KUFANYA KAZI NYUMBANI

Boma si gereji, na majirani hawakuomba gereji. Mambo machache huzuia ugomvi na msiba:

- Gari linaloinuliwa kwa jeki liwekwe kwenye stendi kabla ya mtu kuingia chini. Jeki ni ya kuinua, stendi ni ya kushikilia. Mawe na matofali hupasuka.
- Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea. Umeme wa kuchomelea huua kompyuta na altaneta.
- Mafuta machafu yasimwagwe kwenye mtaro, shimoni wala shambani, kwani hufika kwenye maji ya kisima. Yakusanywe kwenye mtungi na yapelekwe kwa wanaoyakusanya kihalali.
- Eksozi iwe na kizuia sauti. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinakataza kelele za kusumbua, na udhibiti wa kelele ni miongoni mwa majukumu ya kaunti chini ya Katiba.
- Watoto wasicheze karibu na gari lililoinuliwa, petroli, maji ya betri au maji ya rejeta. Maji ya rejeta yenye dawa huwa na ladha tamu, nayo ni sumu.

SAFARI YA KWANZA

Gari lisijaribiwe barabarani siku linapowaka. Liwashwe lilipo mpaka lipate joto na feni izunguke yenyewe, huku mtu mmoja akiangalia mabomba ya mafuta. Kisha lipelekwe mahali pasipo na watu, liendeshwe kilomita 20 kwa saa, na breki zikanyagwe mara kumi. Likivuta upande mmoja, lirudi kwenye jeki. Mwendo uongezwe kidogo kidogo, na baada ya kila safari fupi boliti za magurudumu, usukani na vishikio vya injini zikazwe upya. Kila anayepanda awe na mkanda, hata kama gari lilitoka kiwandani bila mikanda ya nyuma.

UFUNDI UNAOWEZA KULIPA

Kijana anayemaliza gari moja kwa utaratibu huu amejifunza kuchomelea, breki, umeme wa magari na kusoma karatasi za kisheria. Ujuzi huo usibaki uani. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti, na umekanika ni miongoni mwa masomo yanayofundishwa katika vyuo vingi. Fundi aliyejifunza kazi jua kali bila cheti anaweza kufanya mtihani wa gredi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kuanzia Gredi ya III na kupanda hadi Gredi ya I. Cheti hicho humsaidia kupata kazi ya gereji kubwa au kuomba zabuni.

MASWALI YA KUJIKAGUA

1. Kwa nini breki zinapaswa kutangulia injini?
2. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nguvu ambayo breki zinameza huongezeka mara ngapi?
3. Tairi yenye tarakimu 4115 ilitengenezwa lini?
4. Mpira wa mafuta wa injini ya sindano huandikwa nini ubavuni?
5. Ni karatasi gani zinahitajika kabla ya kulipia injini, na zitatumika wapi baadaye?

Anayeweza kujibu yote matano bila kurudi nyuma yuko tayari kuwafukuza kuku kwenye kiti cha nyuma na kuanza kazi. Aanze na bisibisi na zulia la sakafu. Injini inaweza kungoja.